Sehemu ya 9: Mashine ya msasa ya 85,000 au ya 360,000?

Nimetoka zamu ya mchana, watoto wamelala, chai iko mezani. Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu kikohozi cha usiku kisichoisha. Nimeona nianze na kilichotupata nyumbani kwangu, na naomba radhi mapema kwa sababu habari yenyewe inaanzia kwenye mashine ya kupiga msasa mbao. Nivumilieni, tutafika kwa mtoto.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mume wangu ni mwalimu, na useremala ni kazi yake ya jioni na Jumamosi. Hana karakana mjini. Ana banda nyuma ya nyumba, bati juu, ukuta wa mbao hadi kiunoni, hatua kama sita kutoka mlango wa jikoni. Anatengeneza vitanda vya watoto wachanga, viti vidogo vya kulia, stuli, rafu za vitabu. Hela ya banda ndiyo inayolipa ada ya Imani, na ndiyo iliyoezeka nusu ya hii nyumba tunayokaa hapa Morogoro. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sina ugomvi na seremala wangu.

Miaka yote alipiga msasa kwa mkono. Unakunja msasa kwenye kipande cha mbao, unasugua, unapuliza, unapapasa, unarudia na msasa laini zaidi. Kitanda kimoja cha mtoto kina fito kibao, na kila fito lazima iwe laini kwa sababu mtoto akiota meno anaitafuna. (Mkiagiza kitanda cha mtoto, pimeni nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, asije akapitisha mwili kichwa kikabaki. Hilo nalisema kila nikipata nafasi.) Siku mbili nzima zilikuwa zinaishia kwenye msasa tu. Mwaka jana oda zikaongezeka, vitanda vitatu kwa mwezi mmoja, na akaniambia, "Mama Imani, bila mashine nitawaangusha watu."

Alishaazima grenda ya jirani akaifunga msasa, kama mafundi wengi wanavyofanya. Grenda inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Inakula mbao haraka, lakini inachimba. Iliacha bonde kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga, na mninga mnajua bei yake. Aliyoitaka yeye ni ile ndogo ya kushika kwa kiganja, yenye sahani ya duara ya inchi 5. Sahani inazunguka na kutikisika kwa wakati mmoja, ndiyo maana haiachi michirizi ya duara kwenye mbao. Sahani ina matundu 8, msasa wake una matundu 8, na ndani kuna feni ndogo inayovuta vumbi kupitia yale matundu na kulisukuma kwenye mfuko nyuma.

Tukapanda basi hadi Dar, Kariakoo, upande wa Gerezani. Nilikwenda naye kwa sababu hela ilikuwa ya kikoba changu, na kwa sababu namjua, angerudi na vitu vitatu.

Duka moja lilikuwa na mashine mbili zilizolingana ukubwa. Moja 85,000. Nyingine 360,000. Muuzaji akaziwasha zote mbili, Baba Imani akazishika moja moja, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akanipa ile ya bei kubwa, "Shika hii." Nikashika. Inanguruma. Akanipa ya 85,000. Nayo inanguruma. Nikamuuliza kijana wa dukani, "Zote zinalainisha mbao?" Akasema, "Zote, mama." Nikamwambia, "Basi tufungie hii ndogo ya bei."

Mume wangu alijaribu kidogo. Alisema ile ya bei ina shingo ya kuunganisha bomba, ina gurudumu la kupunguza kasi, haitikisi mkono sana, na kaboni zake zikiisha zinapatikana kila mahali. Nikamjibu kwamba laki tatu na sitini ni ada ya muhula, na mbao haijui bei ya mashine iliyoilainisha. Watu dukani walicheka. Nilirudi Morogoro nimevimba kichwa, nimeokoa laki mbili na sabini na tano.

Sasa mimi ni muuguzi. Kazini nikipewa glavu mpya huwa naigeuza, naivuta, nauliza inapasuka wapi. Dukani niliuliza bei, nikauliza kama inalainisha. Sikuuliza vumbi linakwenda wapi.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za furaha. Kitanda kilichokula siku mbili za msasa sasa kilikula mchana mmoja, ingawa fito za mviringo bado alizimalizia kwa mkono, mashine ya sahani bapa haiwezi kuzizunguka. Kisha mfuko ukaanza visa. Shingo yake ilikuwa ya plastiki laini, mashine ikiinamishwa unachomoka. Kitambaa chenyewe chepesi, ukiupigapiga mfuko juani unaona moshi wa vumbi unapenya. Na hapa niseme kweli, kosa halikuwa la mashine peke yake. Misasa yenye matundu ilikuwa ghali kidogo, kwa hiyo alinunua isiyo na matundu. Ukifunga msasa usio na matundu umeziba pua ya mashine, feni inavuta hewa tupu. Hata ile ya 360,000 ingeshindwa hapo.

Jioni alikuwa anaingia ndani nyusi zina rangi ya mninga, ile nyekundu ya kahawia, na Baraka anamrukia mlangoni. Baraka alikuwa na miaka mitatu. Anakaa mapajani kwa baba yake, anafuta vumbi mkononi mwa baba kwa kidole anachora. Nilipiga picha. Picha nzuri sana, bado ninayo.

Kikohozi kilianza usiku, saa nane, saa tisa. Mchana mzima mtoto anacheza. Nikampa asali na ndimu (amezidi mwaka mmoja, asali kwa mtoto chini ya mwaka hapana, hata ya kuonja). Nikasema ni mafua. Mama mkwe akasema ni baridi ya Uluguru. Wiki ya pili, ya tatu. Usiku mmoja nikaamka kwa sauti ambayo naisikia kazini kila siku, kifua kinapiga mluzi mtoto anapotoa pumzi. Nikamvua fulana nikamwangalia kwa tochi ya simu. Mbavu zinaingia ndani kila anapovuta. Mbavu za mtoto wangu. Mikono yangu ikasahau kazi, jamani. Baba yake ndiye aliyekumbuka funguo.

Hospitali wakamweka kwenye nebulaiza, akatulia. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole, hakujua mimi ni nani kwa sababu nilikuwa na khanga na kandambili. Akaanza maswali ambayo mimi mwenyewe nawauliza kina mama kila wiki. Mnapikia nini? Gesi. Kuna mtu anavuta sigara ndani? Hakuna. Mnafuga? Hapana. Kuna vumbi lolote nyumbani? Nikajibu, "Hakuna, dokta, mimi ni muuguzi."

Daktari akanyanyua macho akamwangalia Baba Imani aliyesimama nyuma yangu. Alikuwa amelala bila kuoga, siku hiyo umeme ulichelewa kurudi akafanya kazi hadi usiku. Vumbi lilikuwa kwenye nywele, masikioni, kwenye kola. Hakuna aliyesema kitu. Daktari akarudi kwenye karatasi akaandika.

Mara ngapi nimemlaumu mama moyoni kwa kuniambia "hakuna" huku nguo zake zinanuka moshi wa mkaa. Nilikuwa nadhani wananificha. Kumbe mtu anaweza kukaa na kitu mpaka hakioni tena.

Sasa niwaeleze kuhusu vumbi lenyewe, kwa sababu hili watu wengi wanalikosea, hata mafundi. Vumbi unaloliona limelala sakafuni ni lile kubwa, na hilo mara nyingi linaishia puani na kooni, unapenga, unakohoa, linatoka. Linaloleta shida zaidi ni lile dogo kuliko mikromita 10, wakati unywele wa kichwani una unene wa karibu mikromita 70. Hilo hulioni. Linaelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa, linaingia ndani kwa mlango wa jikoni, linashika kwenye nguo, na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima. Kuna mbao ambazo vumbi lake linajulikana kabisa kuamsha pumu na kuwasha ngozi, mvule ni mmojawapo, na mtiki unawawasha watu wengi ngozi. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua na matundu yake. Hiyo ni kwa mtu anayelivuta miaka na miaka kazini, usimwamshe mumeo usiku huu. Ila pumu ya mtoto haingoji miaka.

Mama mkwe hakukubali. Alisema baba yake mzazi alikuwa seremala maisha yake yote na watoto tisa walikulia kwenye maranda, hakuna aliyekohoa. Nilimsikiliza kwa heshima, na nikaona ana hoja asiyojua kama anayo. Randa ya mkono inatoa maranda, vile vipande vilivyojikunja, vinaanguka chini, unazoa unawatandikia kuku. Babu hakuwa na mashine inayosaga mbao kuwa unga mara maelfu kwa dakika hatua sita kutoka jikoni. Nilipomweleza hivyo akanyamaza, kisha akasema, "Basi mnunulieni randa." Hatukuwa na la kujibu.

Nilipotoka hospitali na mtoto nilimwambia mume wangu aache useremala.

Nilisema kwa hasira na nilimaanisha. Hakunijibu. Alikwenda bandani, akafunika kitanda kilichokuwa nusu kwa turubai, akakaa nje. Siku nne hakugusa mbao. Siku ya tano mteja mwenye mimba ya miezi minane alipiga simu kuuliza kitanda chake, advansi ilishaliwa kwenye ada. Tukakaa mezani na kalamu, watoto wamelala, kama leo.

Mashine yetu ya 85,000 ilikuwa na miezi mitatu, beringi imeanza kulia, na usiku Baba Imani alikuwa anakung'uta mkono wa kulia kwa ganzi. Nilidhani amelalia mkono. Ni mtikisiko. Mkono unaotikiswa kila siku unaumia mishipa ya fahamu taratibu. Fundi wa mashine akasema beringi anaweza kuitafuta, lakini kwa hela hiyo bora tuongeze tununue nyingine. Hesabu mezani ikawa hivi: tununue tena ya 85,000 na tutarudi hapa baada ya miezi mitatu, au tununue ya 360,000. Nikasema ngoja. Swali la vumbi likoje? Maana ya 360,000 nayo ina mfuko tu wa kitambaa nyuma, mzuri zaidi, lakini ni mfuko. Unashika vumbi kubwa, lile dogo sana linapenya. Tungetoa laki tatu na sitini, tukabaki na mluzi uleule kifuani kwa mtoto.

Kilichotofautisha ni ile shingo ambayo Baba Imani alinionyesha dukani nikamcheka. Ni ya duara, ngumu, inashika bomba la mashine ya kuvuta vumbi. Unaunganisha, mashine inalainisha na bomba linavuta papo hapo kabla vumbi halijaruka. Tukapata mashine ya kuvuta vumbi ya mtumba kwa 130,000. Jumla 490,000, nusu milioni kasoro kidogo. Hatukuwa nayo. Ada ya Imani tuliomba shule tukailipa kwa awamu tatu, mimi nikachukua zamu za ziada, na mwezi ule tulikula maharage mpaka watoto wakayatungia wimbo.

Nawaambia ukweli kuhusu mashine ya bei, kwa sababu watu wakishatoa hela wanapenda kusifia. Ukinipa mbao mbili nifumbe macho nizipapase, siwezi kukwambia ipi imepigwa na ya 85,000 na ipi na ya 360,000. Upande huo dukani nilikuwa sahihi. Tofauti iko mkononi mwa fundi na hewani. Ganzi ya usiku imepungua sana. Kasi inapungua akitaka, kwa hiyo haunguzi kingo. Umeme si tatizo, mashine ya wati 300 ikifanya kazi saa nzima haimalizi hata nusu uniti ya LUKU. Ya kuvuta vumbi ndiyo mlaji, yetu ni wati 1,200, saa moja ni uniti moja na zaidi, na hilo hatukulipigia hesabu. Tena ilianza kuziba kila baada ya dakika ishirini, hadi Baba Imani alipoweka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko katikati ya bomba, vumbi zito likaangukia humo kabla ya kufika kwenye chujio.

Baada ya hapo tukabadilisha na mambo yasiyo na bei. Mlango wa jikoni unafungwa mashine ikiwaka. Msasa ni wa matundu tu, na matundu yanalinganishwa na ya sahani. Bandani hakufagiliwi kwa ufagio mkavu, panafutwa kwa kitambaa chenye maji. Yeye anavaa barakoa ya N95, siyo ile nyepesi ya bluu ambayo hewa inapita pembeni (nilinunua dukani, msiniulize kama nimetoa kazini). Shati la kazi linabaki kwenye msumari bandani, anaoga, ndipo Baraka anamrukia. Mwanzoni mtoto alilia sana kumkuta baba mlangoni anakataa kubebwa. Sasa ni yeye anayepiga kelele, "Baba bado hajaoga!"

Baraka anaendeleaje? Anatumia pampu ya pumu kama alivyoandikiwa, na tangu tuhamishe vumbi hajarudi kwenye nebulaiza. Siwezi kuapa kwamba ni mashine. Tulibadilisha vitu vingi kwa mpigo, na dawa nayo inafanya kazi yake. Upepo wa kiangazi ukianza bado anakohoa, naamka, namwangalia mbavu, narudi kulala.

Dada mmoja aliniuliza pembeni: mume wangu ana 85,000 tu na kazi inamsubiri, afanyeje? Anunue ya 85,000, dada. Afanyie kazi nje kabisa, mahali upepo unatoka nyumbani kwenda kwingine, misasa ya matundu, barakoa ya N95, aoge kabla ya kushika mtoto. Asikandamize mashine, uzito wa mkono unatosha, ukikandamiza unaua beringi na vumbi linazidi. Ikibaki hela yoyote, iende kwenye kuvuta vumbi kabla ya kwenda kwenye mashine nzuri zaidi. Kama ndani kuna mtu mwenye pumu au mtoto chini ya mwaka, banda la hatua sita ni karibu mno kwa mashine yoyote ile.

Na kitu kimoja hata mashine ya milioni hakifai. Kitanda cha zamani cha mtoto chenye rangi, cha kurithi kwa shangazi, unataka kukipiga msasa upake upya. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na vumbi la risasi linaharibu ubongo wa mtoto mdogo bila homa wala kikohozi cha kukushtua. Usikipige msasa nyumbani, na wewe mjamzito usisogee kabisa. Kama unaweza, mweleze shangazi kwa upole kwamba umepata kingine.

Jumatano na Alhamisi niko zamu ya usiku. Ijumaa nitaweka picha za namna ya kumsaidia mtoto kutumia pampu ya pumu kwa chupa ya maji ya nusu lita, maana wengi mnampulizia mdomoni moja kwa moja na dawa inaishia kwenye ulimi. Tafuteni chupa safi mapema.